Wonder Woman (2017): umeme ulikatika pale pazuri kabisa

Wadau najua nimechelewa, muvi ya 2017 hii na watu walishaimaliza zamani, ila mpwa wangu alikuja likizo akawa hanipi pumzi, mjomba tuangalie ile ya dada mwenye ngao, mjomba ile ya dada mwenye ngao, nikaenda kwa jamaa wa mtaani anayejaza muvi kwenye flashi nikachukua. Dakika 141. Nikajua ntalala katikati.

Mwanzo kweli nilisinzia kidogo. Kisiwa cha wanawake watupu, Themyscira, walishutia Italia na ile bahari unatamani uchukue taulo uende, mazoezi ya farasi na mishale yako poa, Robin Wright kapewa dakika chache tu na kazitendea haki, lakini ile hadithi ya miungu inasimuliwa utadhani uko darasani saa nane mchana na umeshakula.

Kwangu mimi muvi inaanza Diana, ndo huyo dada mwenye ngao, akifika London. Ni 1918, vita ya kwanza ya dunia inaelekea ukingoni, na huyu dada hajui chochote cha mjini. Anagombana na mlango wa kuzunguka huku kabeba upanga na ngao, anapimishwa magauni anauliza sasa mtu anapiganaje humu ndani, stesheni anaonja aiskrimu kwa mara ya kwanza anamwambia muuzaji kwamba inabidi ajivunie sana, na anasema kwa moyo wote hatanii. Gal Gadot sio muigizaji wa kutisha sana, tuseme ukweli, ila ugeni kaupatia. Na ugeni wenyewe ndo muvi, yani mtu anayeuliza kwanini mnavumilia hivi vitu na hakuna anayemjibu vizuri.

Alaf ile sini ya mahandaki. Kuna mama kabeba mtoto anamueleza kijiji chao kimetekwa, Steve (Chris Pine), yule jasusi wa Kimarekani aliyekuja naye, anamwambia hatuwezi kuokoa kila mtu, hili eneo limeshindikana muda mrefu halivukiki. Diana anavua koti, anashika ngazi, anapanda peke yake. Hakimbii mwanzoni, anatembea, risasi anazipangua na bangili, halafu rashasha zote zinamgeukia inabidi apige goti nyuma ya ngao anasukumwa kwenye matope. Nilichokipenda ni kwamba hashindi peke yake, kule kupiga goti ndo kunawapa wenzake nafasi ya kutoka. Mpwa wangu alisimama juu ya kochi. Mimi nilijifanya naangalia simu.

Hata wale wenzake wana uzito wao. Charlie ni mdunguaji ambaye mikono imekataa kufyatua, na yule Chief, Mhindi Mwekundu, anaulizwa nani aliwanyang'anya watu wako nchi, anamuonyesha Steve. Sekunde chache tu, inapita.

Sasa sikilizeni. Diana anaamini jenerali wa Kijerumani, Ludendorff, ndo Ares, mungu wa vita, akimuua vita inaisha siku hiyohiyo. Anamuua kweli. Anaangalia chini, askari wanaendelea kupakia gesi kwenye ndege kama hakuna kilichotokea. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, si kaua adui, mbona vita haiishi?" Na paaap, umeme ukakatika.

Haukurudi mpaka kesho yake jioni. Usiku mzima nimelala na hilo swali, nikawaza hii sio muvi ya watoto kumbe, labda hakuna Ares yoyote, labda ni sisi watu tu ndo tuko hivyo.

Umeme uliporudi Ares akatokea. Mzee wa Kiingereza mwenye masharubu kavaa chuma, wanarushiana radi na vifaru usiku wa manane na moto kila kona, michoro ya kompyuta mitupu, nikahisi kama nimebadilishiwa flashi. Swali zuri vile unalijibu kwa ngumi? Dokta Maru naye, mwanamke mwenye uso wa kuunga anayepika sumu, ndo adui wa kuogopesha kuliko wote na wamemtupa pembeni. Na Ludendorff alikuwa mtu wa kweli, kafa 1937, sasa kumchoma upanga 1918 ni ujasiri wa aina yake. Vita yenyewe utadhani ilikuwa Ubelgiji tu, sisi tuliokulia Ilala tunajua Kariakoo ilipata wapi jina, ni wale wapagazi wa Carrier Corps wa vita hiyohiyo.

Kitu kimoja tu kimeokoa mwisho: Steve anamuaga baada ya mlipuko, masikio ya Diana yameziba hasikii, tunaona mdomo tu unaenda. Maneno yanakuja baadae, jamaa keshapanda ndege harudi tena.

Naipa 7 na nusu kwa 10. Mpwa anataka tuirudie Jumapili, nimekubali kwa sharti kwamba akishachomwa Ludendorff swichi nazima mwenyewe.