Uzoefu wangu: Jumamosi nane za historia ya sataranji jijini Mwanza

Nimecheza drafti zaidi ya miaka 20, na mingi kati ya hiyo niliichezea kwenye foleni ya kivuko pale Busisi, kete zikiwa vizibo vya soda na ubao kipande cha boksi. Sataranji, au chesi kama vijana wanavyoiita, niliijua juu juu tu. Aliyenivuta ni binti yangu wa miaka 12. Alifundishwa na mwalimu mmoja shuleni kwao, akaanza kunifunga kila jioni baada ya chakula. Basi nilipoona tangazo la darasa la historia ya sataranji Mwanza mjini, Jumamosi nane, mkubwa shilingi 40,000 na mtoto 20,000, nikalipia wote wawili. Darasa limekwisha mwezi uliopita, na naandika kwa ajili ya mzazi au mchezaji anayejiuliza kama hela hiyo itarudi.

Kwangu imerudi. Yapo mambo yaliyoniudhi, nitayasema pia.

Kwanza usafiri, kwa ndugu zangu wa Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kwenda na kurudi siku moja hakuna shida. Tulikuwa tunatoka asubuhi baada ya chai, saa nne tumeshakaa kwenye viti. Enzi za kivuko nisingethubutu kumuahidi mtoto kitu kinachoanza saa nne.

Darasani kuna ubao mkubwa wa kitambaa unaotundikwa ukutani, wenye vijimfuko vya kuchomekea picha za kete, na mbele ya kila wanafunzi wawili kuna ubao wa kuchezea. Mwalimu haanzi na tarehe wala majina. Anapanga mchezo katikati ya vita, anageuka, anauliza: "Zamu ya weupe. Mngefanyaje?" Mnabishana robo saa nzima. Mkishachoka ndipo anawaambia nani aliucheza, wapi, mwaka gani. Kwa njia hiyo jina halitoki kichwani, maana umeshavaa viatu vya mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya Paul Morphy, kijana wa New Orleans. Mwaka 1858, akiwa na miaka 21, alicheza ndani ya jumba la opera Paris dhidi ya watu wawili waliokuwa wakishauriana, Duke wa Brunswick na Count Isouard. Mchezo mzima ni hatua 17. Mwalimu alitupangia hatua ya 16. Weupe wamebakiwa na malkia, ngome moja, askofu mmoja na askari wao. Ukiacha askari, weusi wana kete moja zaidi. Tukahangaika. Mzee mmoja mstaafu aliyekaa nyuma yangu akataka kurudi kujilinda, na mimi nikamuunga mkono.

Morphy alimchukua malkia wake akamweka kwenye mraba wa b8 (kila mraba wa ubao una jina, herufi na namba), mahali ambapo farasi wa weusi anamla bure.

Hapo ndipo drafti ilinisaidia. Kwetu, mwenye nafasi ya kula lazima ale, na fundi ni yule anayekulisha kete moja ili akule tatu. Sataranji haina sheria ya kulazimisha kula. Lakini tazama ubao ule: mfalme wa weusi yuko kwenye cheki, yaani ameshambuliwa, e7 ambako angekimbilia inalindwa na askofu wa weupe aliyekaa g5, na hakuna kete inayoweza kuingia katikati kumkinga. Hatua halali iliyobaki ni moja tu, farasi ale malkia. Akishakula, mstari wa d uko wazi, ngome inapanda hadi d8, chekimeti: mfalme hana pa kwenda, mchezo umekwisha. Nilisimama nikasema kwa sauti: "Mwalimu, huyu amemlisha!" Binti yangu naye akaona kitu ambacho mimi sikukiona. Ngome ya weusi iliyoko h8 na askofu wao aliyeko f8 hawakuguswa tangu mchezo uanze. Wamefia nyumbani. Tangu siku ile, nikichelewa kutoa kete zangu ananiuliza, "Baba, hawa wanasubiri nini?"

Ningelipa ada yote kwa Jumamosi ile peke yake.

Steinitz, bingwa wa kwanza rasmi wa dunia mwaka 1886, tulimpitia haraka, na sikuona hasara. Capablanca wa Cuba alipewa muda wa kutosha. Huyu alikaa miaka minane, kuanzia 1916 hadi 1924, bila kupoteza mchezo rasmi hata mmoja, na mwalimu alimtumia kutufundisha kumaliza mchezo kete zikiwa chache. Wanaopenda mbwembwe walipiga miayo. Mimi niliandika kurasa nne.

Jumamosi ya tano yote ilikuwa pambano la ubingwa wa dunia, Reykjavik 1972, Fischer wa Marekani na Spassky wa Urusi ya Kisovyeti. Nilikuwa nimesikia tu kwamba Fischer alishinda. Sikujua kwamba katika mchezo wa kwanza alikula askari wa pembeni kwa askofu, askofu akafungiwa huko huko. Sikujua kwamba mchezo wa pili hakutokea kabisa, akawa nyuma mbili kwa bila. Mtu wa namna hiyo kwetu tungesema ameshakwisha. Akarudi, akashinda pointi 12.5 kwa 8.5. Mchezo wa sita tuliucheza wote kwenye mbao zetu. Fischer, aliyezoea kufungua kwa askari wa mfalme, siku hiyo alifungua na c4, yaani askari wa upande wa malkia, akacheza vizuri mpaka Spassky mwenyewe akampigia makofi pamoja na watazamaji. Mwalimu alipofika hapo alinyamaza kidogo, nasi tukanyamaza. Kumpigia makofi anayekunyang'anya ubingwa wa dunia, mbele ya watu! Spassky nimempenda kuliko Fischer, na kwenye basi tulibishana na binti mpaka tunavuka daraja.

Sasa yaliyoniudhi.

Ratiba tuliyopewa siku ya kwanza haikuwa na mwanamke hata mmoja. Wiki ya tatu binti yangu akainua mkono: "Mwalimu, samahani, wanawake walikuwa hawachezi?" Mwalimu akajibu kwa uungwana kwamba muda hautoshi. Jibu hilo halikunikaa vizuri, na wakati wa chai nilimfuata nikamwambia hivyo. Kwa haki yake, wiki ya nne alikuja amejiandaa. Alimleta Vera Menchik, bingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake mwaka 1927, aliyeushikilia ubingwa mpaka alipouawa na bomu la Wajerumani London mwaka 1944. Akamleta na Judit Polgar wa Hungaria, aliyepata cheo cha Grandmaster, kikubwa kuliko vyote kwenye sataranji, mwaka 1991 akiwa na miaka 15 na miezi minne, mdogo kuliko Fischer alipokipata, na mwaka 2002 akamfunga Kasparov, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Somo lilikuwa zuri mno, na ndiyo sababu nasema lilistahili kuwa kwenye ratiba tangu mwanzo, bila mtoto kuliomba.

La pili ni Afrika. Tulipewa dakika kumi za mwisho, siku ya mwisho, watu wameshaanza kufunga mabegi. Alitajwa Phiona Mutesi, msichana wa Katwe, Kampala, aliyeiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji, mashindano ya timu za nchi, ya 2010 na ya 2012. Akatajwa Amon Simutowe wa Zambia, aliyekuwa Grandmaster mwaka 2009. Basi. Mutesi ni jirani yetu, ziwa letu ni moja. Watoto waliokuwa mle ndani walihitaji kuuona mchezo wake ubaoni kama walivyouona wa Morphy.

Nyumbani nilitafuta mwenyewe nikamkuta Robert Gwaze wa Zimbabwe. Olimpiadi ya Bled, mwaka 2002, akicheza ubao wa kwanza, ambako kila nchi inaweka mchezaji wake mkubwa, alicheza michezo tisa akashinda yote tisa, akatwaa medali ya dhahabu ya ubao huo. Sare hakuna, kupoteza hakuna. Nilimwambia binti yangu, akaniomba nirudie, akaandika "9/9" kwenye jalada la daftari lake la hesabu.

Kasoro nyingine ni ndogo. Jumamosi ya sita umeme ulikatika, na somo la Kasparov na kompyuta ya Deep Blue ya mwaka 1997 lilitegemea projekta, kwa hiyo tulisimuliwa tu bila kuona. Ubao wetu ulipungukiwa askari mmoja mweusi kwa wiki mbili, tukatumia kizibo cha soda. Mbili kati ya Jumamosi nane zilianza saa tano badala ya saa nne. Na hakuna karatasi za kurudi nazo nyumbani, kwa hiyo beba daftari na kalamu, na ujifunze mapema kuandika hatua. Mtoto anayejua kete zinavyokwenda anaweza kufuata. Asiyejua kabisa ataumia.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia kwa sababu ya zile dakika kumi.

Awamu ya pili tumeshajiandikisha. Nilipokwenda kulipa niliomba Afrika ipewe Jumamosi nzima: Mutesi, Simutowe, Gwaze, pamoja na Tunde Onakoya wa Nigeria, aliyecheza saa 60 mfululizo New York, Aprili 2024, kuchangisha fedha za elimu ya watoto. Mwalimu ameniahidi saa moja. Nitamwomba tena.