Lap cheong: soseji ya Kichina inayotaka wali, si kikaango

Haya jamani, karibuni. Leo mezani nina lap cheong, soseji kavu ya Wakantoni wa kusini mwa China. Niseme mapema: hii ni kitimoto, na humo ndani mna pombe. Ziko zinazoandikwa ni za kuku, ila geuza pakiti usome viungo vyote, maana nyingine huchanganywa mafuta ya nguruwe.

Ngoja niisogeze kwenye kamera. Mnaona ilivyojikunja? Nyembamba, nyekundu iliyoiva, ngumu kama kamba ya katani. Haya madoa meupe ni mafuta, na ndiyo ya kuangalia unaponunua. Nzuri ina vipande vya mafuta vinavyoonekana kimoja kimoja. Ukiona yote imesagwa rangi moja, iache hapo hapo dukani. Sasa harufu: sosi ya soya, sukari, halafu waridi kwa mbali. Harufu hiyo inatokana na pombe kali ya mtama iliyotiwa maua ya waridi. Kwa desturi hutengenezwa mwezi wa 12 wa kalenda ya Kichina, upepo wa baridi na mkavu ukivuma kutoka kaskazini, soseji zikitundikwa jozi jozi kwenye uzi mpaka zikauke.

Kukauka si kuiva, lakini. Hii bado mbichi, usiitafune hivi hivi.

Na tafadhali, usiitupe kwenye mafuta ya moto kama soseji za chai ya asubuhi. Ina sukari nyingi, itaungua nje na ndani ibaki ngumu. Mimi naisuuza kwa maji ya moto, nabandika wali bila mafuta wala chumvi, maji yakikaribia kukauka naipanga juu ikiwa nzima. Funika, moto mdogo, dakika 15 hadi 20. Sikilizeni... hiyo ni mafuta yanashuka kwenye wali. Ukifunua, imevimba, inang'aa, na punje zilizo chini yake zimegeuka rangi. Ikate mshazari, vipande vyembamba.

Wenyewe Guangzhou na Hong Kong huupika wali huu kwenye chungu kidogo cha udongo. Sosi ya soya yenye utamu humwagiwa mwishoni, na chini panabaki ukoko. Wale wa kugombania ukoko nyumbani, mnanielewa! Chungu kama huna, sufuria nzito inatosha.

Ladha sasa. Kama umezoea kitimoto cha kuchoma na pilipili, utamu wake utakushtua. Peke yake mimi vipande vitatu vinanikinai. Kwa wali, mboga ya chainizi iliyopitishwa motoni na kitunguu saumu, na kachumbari yenye ndimu, nafuta sahani. Usiyetaka utamu, tafuta ya jimbo la Sichuan, huko huko China: ile ina pilipili, na viungo vyake vinatia ganzi ulimi. Wenye presha, chumvi ipo ya kutosha, msijisahau.

Pakiti ukishaifungua, weka friji. Ukinunua nyingi, gandisha.

Kuna na ya ini, hii nyeusi zaidi. Watu wanaisifu sana. Mimi imenishinda: ini, sukari na pombe kwa pamoja, hapana. Anayeipenda aniandikie hapo chini anailaje.