Kamusi ya Kiingereza ya kununua kwanza, na zile zinazoweza kusubiri

Mwanafunzi wa Kiingereza anayekwenda kununua kamusi yake ya kwanza mara nyingi huangalia unene, akiamini kwamba yenye maneno mengi zaidi ndiyo itakayomfaa zaidi. Ukweli ni kwamba kinachomkwamisha si neno adimu linalokosekana kamusini, bali neno la kawaida kama "suggest" au "advice", ambalo maana yake anaijua na bado hajui kulitumia katika sentensi. Ndiyo maana nimezipanga kamusi hapa kwa kipimo kimoja: je, inaonyesha namna neno linavyotumika, au inataja maana tu?

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza inakwenda kwa kamusi wahidiya ya wanaojifunza lugha, yaani ile inayoeleza Kiingereza kwa Kiingereza, lakini iliyotungwa kwa ajili ya watu ambao lugha hiyo si yao ya kwanza. Aina hii ina historia inayoeleza ubora wake. A. S. Hornby, mwalimu wa Kiingereza nchini Japani, na wenzake wawili waliichapisha kamusi yao Tokyo mwaka 1942, nayo Oxford University Press ikaitoa upya mwaka 1948. Ndiyo iliyokua na kuwa Oxford Advanced Learner's Dictionary ya leo. Ilitoka darasani, na hadi sasa inajibu maswali ya darasani: nomino hii ina wingi au haina, kitenzi hiki kinafuatwa na nini, sentensi yake inajengwaje.

Washindani wake wakuu ni watatu, na tofauti zao ni za kweli. Longman Dictionary of Contemporary English, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1978, hutumia msamiati wa takriban maneno 2,000 tu katika kufafanua vidahizo vyake, yaani maneno yanayoelezwa kamusini, jambo linalomwokoa msomaji na adha ya kutafuta neno moja akalazimika kutafuta mengine manne yaliyomo katika maelezo. Collins COBUILD, iliyoanza mwaka 1987, hufafanua kwa sentensi kamili, hivyo ufafanuzi wenyewe unakuwa mfano wa matumizi. Cambridge Advanced Learner's Dictionary huonyesha maana kadhaa za neno pamoja na viwango vya Ulaya vya umahiri wa lugha, kuanzia A1 hadi C2, ili ujue ipi ya kujifunza sasa na ipi isubiri. Kwa mwanafunzi wa kiwango cha kati ningemchagulia Longman. Kwa anayeandika insha mara kwa mara ningempa ile ya Oxford. Hata hivyo, hakuna kati ya hizi nne itakayomwangusha.

Usinunue kabla hujaijaribu. Fungua neno "discuss" uone kama mifano inakuonyesha wazi kwamba halifuatwi na "about", kwa sababu sisi tunaojadili "kuhusu" jambo huwa tunalipachika bila kufikiri. Fungua "information" na utafute alama ya nomino isiyohesabika. Kisha fungua "suggest": kamusi nzuri itakuonyesha, kwa kanuni au kwa mfano, kwamba Kiingereza hakisemi "suggest him to go", ingawa Kiswahili kinakuvuta huko kwa "nilimpendekezea aende". Mwisho, tazama matamshi. Mkazo wa maneno ya Kiswahili, isipokuwa machache, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, nasi huihamishia tabia hiyo kwenye Kiingereza. Lakini katika "photograph" mkazo uko silabi ya kwanza, katika "photographer" ya pili, na katika "photographic" ya tatu. Kamusi isiyoweka alama ya mkazo mbele ya silabi husika irudishe mahali ulipoitoa.

Nafasi ya pili ni ya kamusi thaniya, ya Kiingereza na Kiswahili. Ninajua walimu wanaoipiga marufuku, nami siafikiani nao. Kwa anayeanza, hii ndiyo ya kwanza, na kipimo cha kujua kama umeivuka ni rahisi: soma ufafanuzi mmoja katika kamusi wahidiya, na ukijikuta unahitaji kutafuta maneno matatu yaliyomo humo, bado wakati wako. Hata kwa aliyebobea, majina ya ndege, miti na maradhi huelezwa vizuri zaidi kwa neno moja la Kiswahili kuliko kwa mistari mitano ya Kiingereza. Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili iliyotolewa mwaka 1996 na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imewasaidia wasomaji wengi kwa namna hiyo.

Udhaifu wake uko kwenye maneno ambayo lugha hizi mbili zinayagawa tofauti. "Kuazima" kwetu ni kutoa na pia ni kupokea, ilhali Kiingereza kina "lend" na "borrow". "Mkono" ni "hand" na pia "arm". "Mguu" ni "leg" na pia "foot". "Kusikia" kunabeba "hear" na mara nyingine "feel" au "smell". Kamusi thaniya inayostahili kununuliwa huyatenganisha mambo haya kwa mifano, na inayoyapanga kwa alama ya mkato tu inakuachia ubahatishe. Angalia pia mwelekeo wake, kwa kuwa ya Kiingereza–Kiswahili humfaa msomaji, na ya Kiswahili–Kiingereza humfaa mwandishi, mradi kila neno analolipata humo alihakiki katika kamusi wahidiya kabla ya kuliandika.

Ya tatu ni kamusi ya maneno yanayoandamana, ambayo haielezi maana bali huorodhesha maneno yanayozoeana. Sisi tuna "kufanya" moja, ilhali Kiingereza husema "make a decision" lakini "do homework", na hakuna kanuni itakayokufikisha huko. Inunue ukishaanza kuandika kurasa nzima. Kamusi ya picha naiweka ya nne. Inamfaa mtoto na anayeanza, na hupitwa haraka.

Za mwisho ni mbili zilizo kinyume kwa umbo. Kamusi ndogo ya mfukoni hutoa maana bila mifano, na kamusi kubwa ya wazawa wa lugha hudhani kwamba sarufi unayo tayari. Hapa jina la mchapishaji huwapotosha wengi: Oxford iliyo kwenye kamusi ya Hornby ndiyo iliyo pia kwenye Oxford English Dictionary, ambayo toleo lake la pili la mwaka 1989 lina mabuku 20 na linafuatilia historia ya maneno. Tafuta neno "Learner's" kwenye jalada.

Kuhusu simu, tovuti za Oxford, Longman na Cambridge hutoa kamusi zao za wanafunzi bila malipo, pamoja na sauti ya matamshi ambayo karatasi haiwezi kukupa. Mwenye intaneti ya uhakika anaweza kuanzia hapo. Lakini tovuti haimilikiwi na msomaji: Macmillan walitangaza mwaka 2012 kwamba wanaacha kuchapa kamusi zao kwenye karatasi, na mwaka 2023 tovuti yenyewe ikafungwa.

Ukiamua kununua ya karatasi, toleo la nyuma kidogo halina ubaya, kwa kuwa sarufi ya "suggest" haijabadilika. Ila ifungue katikati na utazame alama za matamshi kwa karibu, kwa sababu katika nakala zilizorudufiwa kinyume cha sheria vijialama hivyo ndivyo vinavyofifia kwanza, na bila hivyo huwezi kujua mkazo uko wapi.