Mchanga hai au mkavu kwa tangi la maji chumvi: uzoefu wangu na aina zote mbili

Niseme mapema ninakoegemea: kwa tangi jipya la samaki wa maji chumvi, mimi nanunua mchanga mkavu wa aragoniti (madini ya kalsiamu kaboneti, kama yaliyomo kwenye matumbawe), kisha naomba kikombe kimoja cha mchanga kutoka kwenye tangi la mtu lililokwisha komaa. Nina matangi mawili. La kwanza nililitandika mchanga hai wa mfuko, yaani unaouzwa ukiwa na bakteria ndani yake, la pili mkavu, na yote yanaendelea vizuri. Tofauti ya bei niliiona kubwa kuliko tofauti ya matokeo.

Mchanga hai wa dukani huja umelowa, umezibwa mfukoni pamoja na maji ya bahari kidogo, kwa hiyo sehemu ya uzito unaoulipia ni maji. Uzuri wake ni kwamba hauoshwi. Unakata mfuko, unamimina, unajaza maji ya chumvi, na ukungu unatulia haraka. Nitriti nayo ilionekana mapema zaidi kwenye tangi hili kuliko lile la pili, ishara kwamba bakteria wanaobadilisha amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti walikuwa wameshaanza kazi. Lakini unachopata humo ni bakteria, basi. Anayetarajia minyoo na vidudu vya mchangani asivitafute kwenye mfuko uliokaa rafuni bila hewa. Na hata hao bakteria hutegemea mfuko umehifadhiwa muda gani na kwenye joto gani, hivyo soma tarehe kabla ya kulipa. Mfuko ukifunguliwa ukatoa harufu ya yai viza, usiuingize tangini.

Mchanga mkavu una kazi yake. Unaujaza kwenye ndoo hadi nusu, unaingiza mpira wa maji mpaka chini, unakoroga kwa mkono, na maji yanayofurika ni meupe pepe. Unamwaga, unarudia, mpaka ufikie hatua ya kuona punje chini ya ndoo huku maji yakizunguka. Mkono unachoka kweli. Maji ya bomba yanafaa kwa kazi hii kwa sababu hakuna kiumbe cha kuua, ila suuza ya mwisho mimi hutumia maji yaliyochujwa yale yale ninayochanganyia chumvi.

Kikombe cha kuombwa ndicho kilichonishawishi kabisa. Usiku, taa zikizimwa, nikimulika tochi kwenye kioo cha tangi la pili naona vijia vya minyoo katikati ya punje, na vidudu vyeupe vidogo mno vikikimbia juu ya mchanga. Hao ndio wanaokula mabaki ya chakula na kuuweka mchanga safi, na walikuja na kile kikombe. Tangi la kwanza halikuwa nao hadi nilipoingiza mawe kutoka kwenye tangi la zamani. Hata hivyo, chagua wa kumwomba. Vimelea vya madoa meupe, Cryptocaryon irritans, hujishikiza kwenye mchanga na mawe katika hatua mojawapo ya maisha yao, kwa hiyo usichukue mchanga kwenye tangi lililopata samaki wagonjwa karibuni. Hapo mchanga mkavu peke yake ni salama zaidi, hata kama utasubiri zaidi.

Kusubiri kwenyewe hakukwepeki. Tangi lililoanza na kila kitu kikavu kwa kawaida huhitaji wiki 4 hadi 6 ili bakteria wawe wengi wa kutosha kabla ya kuingiza samaki, na mchanga hai unaweza kupunguza muda huo, lakini mimi siamini maandishi ya mfukoni yanayoahidi samaki siku ile ile. Naamini vipimo. Naweka amonia mpaka ifike miligramu 2 kwa lita. Ikishuka hadi 0 ndani ya saa 24, na nitriti nayo ikiwa 0, ndipo naingiza samaki wa kwanza. Mmoja tu.

Sifa nyingine inayotajwa sana kwa aina zote mbili ni kwamba aragoniti huilinda pH, kipimo cha uasidi wa maji, isishuke. Usiitegemee. Maji ya tangi lenye afya huwa kati ya 8.1 na 8.4, na hapo aragoniti haiyeyuki kwa kiasi cha maana.

Kinachogusa maisha ya kila siku zaidi ya suala la hai au mkavu ni ukubwa wa punje. Mchanga laini sana hupeperushwa na pampu za mawimbi mpaka kioo cha chini kibaki wazi, na changarawe hukamata uchafu. Punje za milimita 1 hadi 2, kwa kina cha sentimita 3 hadi 5, zimenifaa. Ukifuga gobi, samaki wadogo wa chini wanaochuja mchanga kwa midomo, shuka kwenye punje laini zaidi na uelekeze pampu juu.

Mchanga hai ningempendekezea mwenye tangi dogo, linalotosha mfuko mmoja, na asiye na mahali pa kuoshea ndoo baada ya ndoo. Kwa tangi kubwa, fedha hiyo iongezee kwenye pampu.