Castlevania: Grant wamempeleka wapi?

Msimu wa kwanza wa katuni ya Castlevania umeisha, Grant hayupo. Nikajiambia sawa, ni vipindi vinne tu, ndiyo kwanza wanatandika mkeka. Wa pili ukaisha, hayupo. Wa tatu umejaa watu wapya ambao hakuna aliyewaomba, na yeye hayupo. Aliyecheza Castlevania III, ile gemu ya mwaka 1989 ambayo katuni hii imesimama juu yake, hana haja ya kuuliza ni nani huyo. Ni Grant Danasty, bwana. Yule wa mnara wa saa.

Kwa ambao hawakucheza, nieleze kidogo msije mkaniona nimechanganyikiwa. Kwenye gemu, Trevor Belmont anamfuata Dracula na mjeledi wake mkononi, ni mwaka 1476, na njiani anaweza kupata mwenzake. Kuna Sypha, mwenye uchawi wa moto, barafu na radi. Kuna Alucard, mtoto wa Dracula mwenyewe, anayegeuka popo. Na kuna Grant, mharamia, ambaye kwanza unamkuta juu ya mnara akiwa amegeuzwa dubwana. Unapigana naye, ukimshinda anarudi kuwa binadamu na kukuomba mfuatane. Hupewi wote. Unatembea na mmoja tu, na ukimkubali mwingine, wa mwanzo anakwenda zake. Nimemwacha Sypha mara nyingi bila hata kumuaga vizuri.

Kwa nini yeye? Kwa sababu gemu ile haina huruma hata chembe. Trevor akisharuka amesharuka, hewani hageuki, hata ujute vipi. Vichwa vya Medusa vinakuja vikipanda na kushuka, kimoja kikikugusa tu unarushwa nyuma, nyuma kuna shimo, kwisha habari. Halafu unampata Grant. Anageuka hewani! Anatambaa ukutani na darini kama mjusi! Pale ulipokuwa unafia kila mara, unapita juu kwa juu huku maadui wanakutazama. Msinibishie hapa. Grant ndiye aliyetumalizia gemu hiyo, wengi wetu.

Sasa katuni imewachukua Trevor, Sypha na Alucard, ikawaunganisha kuwa kikosi kimoja, na wa nne haikumpa hata kaburi. Hakufa, hakusaliti. Hatajwi tu.

Nilimlalamikia rafiki aliyenishawishi niitazame. Jibu lake: "Si katuni tu hiyo? Watu wazima wana mambo ya kulalamikia." Mtu huyu hajawahi kuishika hiyo gemu hata kwa dakika moja, lakini mimi ndiye ninayefundishwa utu uzima. Akaendelea kunieleza kwamba gemu za zamani hazina hadithi, kwa hiyo mwandishi ana haki ya kufyeka anachotaka. Tangu hapo kila kipindi nimekitazama kwa kisirani, na ninakiri kisirani hicho kimo humu chote.

Haki ya kufyeka simnyimi mtu. Bila hiyo kipindi cha kwanza kisingekuwepo, na kipindi cha kwanza ni kazi safi. Dracula wa kwenye gemu yupo mwisho wa ngome akingoja kukurushia mipira ya moto, basi. Huyu wa kwenye katuni kagongewa mlango na mwanamke, Lisa, ambaye hakuja kuomba uhai wake ila kuja kujifunza tiba. Wakaoana. Mwaka 1475 Kanisa likamchoma moto pale mjini Targoviste kwa kosa la kuwa na chupa na vifaa ambavyo askofu hakuvielewa. Dracula akawapa watu wa Wallachia, nchi iliyo ndani ya Romania ya leo, mwaka mmoja waondoke. Na wao walifanya nini? Mwaka ulipotimia wakafanya sherehe! Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini imewekewa alama ya watu wazima. Matumbo yananing'inia, ni kweli, na matusi ya Trevor hayasemeki mbele ya mzee, lakini kinachomzuia mtoto kuitazama ni ile hasira ya mjane ambayo unaielewa, halafu unaona aibu kwamba umeielewa.

Kwa hiyo wanaweza. Hilo ndilo linaloniuma. Tazama walichomfanyia Isaac, mtumishi wa Dracula. Huyu ametoka kwenye gemu ya Curse of Darkness ya mwaka 2005, na humo alikuwa mwehu mwenye michoro mwilini, hana lolote zaidi ya kucheka na kuchukia. Katuni ikamvua wehu wote. Ikamfanya mtu mweusi mwenye imani, aliyepigwa tangu utotoni, anayezungumza taratibu, anayefua maiti kuwa mashetani kwa kisu kisha akaanza kujiuliza kama bado anataka kufanya hivyo. Msimu wa tatu ana mazungumzo na nahodha wa meli kuhusu binadamu kama wanafaa kuachwa waishi, na hakuna upanga uliochomolewa, wala hutaki kichomolewe chochote. Mtu asiye na kitu kwenye gemu amegeuka kuwa bora kuliko wote. Halafu mnaniambia Grant hakuwa na hadithi? Na nahodha mmepata! Mharamia wetu ndiyo mmekosa nafasi.

Basi msimu wa pili. Mashujaa wamejifungia kwenye maktaba ya ukoo wa Belmont wanafungua vitabu. Dracula kakaa kwenye kiti chake anaangalia moto. Majenerali wake wanasengenyana. Carmilla, mmoja wao, anapanga njama, Hector, mfua mashetani mwenzake Isaac, anadanganywa, tunarudi maktabani, bado wanasoma. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya maoni haya kwa kichwa cha "msipoteze muda".

Halafu kikaja kipindi cha saba. Sypha anaivuta ngome nzima kwa uchawi, inatua juu ya maktaba ile ile niliyokuwa naitukana, watatu wanaingia mlangoni, na muziki unaanza. Ni Bloody Tears! Muziki wa Simon's Quest, gemu ya Castlevania ya mwaka 1987, umepigwa upya kwa vyombo vya kutosha, na wale watatu wanapigana kwa kupeana nafasi, mjeledi ukirudi barafu imeshatangulia, barafu ikipasuka upanga umeshapita. Nilisimama. Hapo mtu aliyekuwa analalamika alisahau analalamikia nini. Kisha baba na mtoto wanavunjiana kuta mpaka wanaangukia kwenye chumba fulani, na Dracula anakitambua: ni chumba cha Alucard alipokuwa mdogo. Anaacha kupigana. Nilichotegemea ni mjeledi na mipira ya moto. Nikapewa baba anayeona anamuua mwanawe ndani ya chumba alichokipamba mwenyewe na mama yake. Kama wangeishia hapo ningewapa nyota zote na Grant ningemsamehe.

Hawakuishia hapo. (Asiyetaka kufichuliwa yanayofuata aachie hapa.)

Msimu wa tatu, Trevor na Sypha wanaondoka kwenda kufukuza mashetani, Alucard anabaki ngomeni peke yake, anapika peke yake, ametengeneza vidoli vya wenzake wawili na anavisemesha. Yaani nafasi ya mwenzake wa nne iko wazi, mlango umeachwa wazi, mtu mmoja aje tu apande ukuta aingie dirishani! Badala yake wanaletwa Sumi na Taka, wanafunzi wawili wa kuwinda vampaya, ambao anawapa chakula, elimu na kitanda, nao wanamfunga kwa nyaya za fedha kitandani humo humo ili wamuue. Anawaua yeye. Kisha anawachomeka kwenye vigingi mbele ya ngome kama baba yake. Najua hoja yao: mtoto anaanza kufanana na baba. Sawa. Lakini kumvunja mtu kwa namna hiyo, kwa sababu nyembamba kiasi kile, si ukomavu, ni ukatili wa mwandishi aliyekosa la kumfanyia mhusika wake. Nilizima. Nilikaa muda mrefu sana bila kuigusa, na kila aliyenisifia katuni hii nilimjibu vibaya.

Msimu wa nne nimeutazama kwa shingo upande. Na humo, wanakijiji wanaoshambuliwa na mashetani wanamwomba Alucard msaada, na kiongozi wao ni mwanamke anaitwa Greta. Greta wa Danesti. Danasty, Danesti. Wameona tusingegundua? Kwenye historia ya kweli ya Wallachia, ukoo wa Dănești ndio uliokuwa ukigombea kiti cha enzi na ukoo wa Drăculești, ukoo wake Vlad, yule mtawala ambaye jina la Dracula limetoka kwake. Kwa hiyo mtu wa Danesti kumfuata mtu wa nyumba ya Dracula si jambo dogo, na wao wamelipitisha kimya kimya. Kwanza nilikasirika upya: miaka yote hiyo, malipo ndiyo haya? Lakini Greta anamtania Alucard bila kumwogopa, anapigana, anawavusha watu wake wakiwa hai, na taratibu yule kijana wa vidoli anaanza kucheka. Ukutani hapandi. Nimemtafutia sababu ya kumchukia, sikuipata.

Lakini pambano la mwisho? Trevor anabaki peke yake na Mauti, huku akina Alucard wakiangalia. Ni zuri mno, na bado nilikuwa nahesabu: hapa palikuwa na nafasi ya mtu wa kurusha visu kutoka darini.

Nampa Greta nyota tano peke yake. Katuni nzima tatu na nusu. Jana ningesema nne. Msimu wa pili, wasio na subira waanzie kipindi cha saba, ingawa wakifanya hivyo kile chumba hakitawauma inavyotakiwa, kwa hiyo hapana, kaeni maktabani kama tulivyokaa sisi.