Fundi wa Mlandege aliyenichorea amplifaya isiyo na mchoro

Kwa miaka minne sasa napigia gitaa amplifaya ya valvu, yaani ya taa za kioo zinazokuza sauti, iliyoundwa kwa mkono nchini Marekani, katika karakana ndogo ambayo imekwisha kufungwa. Ilifika Unguja na mwanamuziki mgeni aliyekuja kupiga Ngome Kongwe wakati wa tamasha la Sauti za Busara, akaona ni nafuu kuiuza kuliko kurudi nayo. Ni chombo cha wati 50 ndani ya sanduku la mbao zito, chenye valvu tatu ndogo aina ya 12AX7 kwa mbele na valvu mbili kubwa za EL34 kwa nyuma, wala hakikuja na karatasi hata moja. Sauti yake inaingia katika taarab ya kisasa kama iliyoundwa kwa kazi hiyo: ukilipiga gitaa kwa upole inakaa chini ya fidla bila kuzisumbua, na ukikaza mkono inapasuka kidogo, kama mwimbaji anayefika juu ya sauti yake. Mwaka jana ilianza kuugua, na ninayoyaandika hapa ni tathmini ya fundi mmoja wa Mlandege ambaye nilimlipa kwanza kwa kuichora, kisha ndipo nikamlipa kwa kuitengeneza. Ameniomba nisimtaje jina, nami nitamwita Maalim, kama wanavyomwita wote waliojifunza redio kwake.

Lazima nieleze kwanza kwa nini mchoro wa sakiti, yaani ramani ya viungo na nyaya za ndani, una thamani kubwa kiasi hiki. Viwanda vikubwa vya zamani havikuificha michoro yao, na ndiyo maana mwaka 1962 watu wa duka la Jim Marshall jijini London waliweza kuichukua amplifaya ya Kimarekani ya Fender Bassman na kuifuata karibu hatua kwa hatua walipounda JTM45 yao ya kwanza. Waundaji wadogo waliokuja baadaye walikwenda njia nyingine. Howard Dumble wa California, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa akizimwagia sehemu za sakiti yake epoksi, gundi inayoganda ikawa ngumu, ili jicho la mtu lisione kilichomo, na Ken Fischer wa New Jersey, aliyefariki mwaka 2006, aliziunda amplifaya zake za Trainwreck moja moja na kuipa kila moja jina la mwanamke badala ya nambari. Chombo cha namna hiyo kikiharibika baada ya mwenyewe kuondoka, kila fundi anayekifungua huwa ameingia nyumba ya watu usiku bila taa.

Hilo lilinifika mimi mwenyewe. Ugonjwa wa amplifaya yangu ulikuwa huu: baada ya dakika 20 hivi za kupiga, bati la ndani la valvu moja kubwa lilikuwa linaanza kuiva jekundu, sauti inafifia, na mvumo wa umeme unajaa katika spika. Fundi wa kwanza niliyempelekea, ambaye simtaji, alibadilisha jozi nzima ya EL34. Ilipoiva tena akabadilisha jozi ya pili, niliyoiagiza Uingereza kwa fedha yangu. Hakupima chochote isipokuwa fyuzi. Sisemi kwamba alikuwa na nia mbaya. Alikuwa anakisia, na makisio yake nililipia mimi.

Maalim alikataa kukisia. Siku niliyompelekea aliichomoa ile sakiti kutoka katika sanduku lake, akaitazama kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaniambia, “Mwanangu, hii siigusi mpaka niijue. Ukitaka nianze leo kwa chuma cha moto, mpelekee mwengine.” Nilimjibu, “Shikamoo yangu ya pili hiyo, Maalim, fanya unavyoona.” Akacheka, akaniagizia chai.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuutoa umeme uliobaki ndani ya kapasita kubwa (viungo vinavyoweka akiba ya umeme) kwa rizista (kiungo kinachouzuia umeme kiasi) iliyofungwa kwenye waya wenye koleo, huku mkono wake wa kushoto ameuweka nyuma ya mgongo. Ndani ya chombo hiki kuna volti 460 za umeme wa moja kwa moja, yaani usiopishana, kama wa betri, na kapasita zake zaweza kuzishika hata baada ya kuchomoa plagi. Anayetaka kujaribu kazi hii nyumbani aikumbuke hatua hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Kisha akapiga jadweli kwenye daftari la hesabu, la mistari 43, mstari mmoja kwa kila mguu wa kila valvu: miguu tisa kwa kila 12AX7, minane kwa kila EL34. Katika 12AX7, mguu wa 1 ni anodi, pa kutokea sauti, wa 2 gridi, pa kuingilia, wa 3 kathodi, panapoanzia umeme unaopita ndani ya valvu, na nusu ya pili ya valvu hiyo hiyo hukaa katika miguu ya 6, 7 na 8 kwa mpangilio ule ule. Iliyobaki ni ya kuwashia moto. Kwa kuwa ramani hiyo haibadiliki kwa muundaji yeyote duniani, alikuwa na vituo 43 anavyovijua kwa yakini, na kazi ikawa kuufuata kila waya kutoka kituo kimoja hadi kingine. Nilikuwapo alipopima rizista yenye mistari ya kahawia, nyeusi na manjano, yaani ya ohmu 100,000, ohmu ikiwa ndiyo kipimo cha kuuzuia umeme. Mita ilisoma 71,000. Badala ya kuandika chochote aliunyanyua mguu mmoja wa rizista hiyo kutoka kwenye risasi iliyoushikiza, akapima tena, ikasoma 118,000. Usomaji wa kwanza ulikuwa wa uongo kwa sababu umeme wa mita ulikuwa unapita pia njia za pembeni. Wa pili ndio wa rizista yenyewe, ambayo imepanda kwa umri na kwa hewa yetu ya chumvi. Aliandika zote mbili: iliyokusudiwa na muundaji, na iliyopo leo.

Kwenye transfoma ya kutolea sauti, ambayo haina maandishi yoyote, aliingiza volti 1 tu ya umeme wa kupishana, wa aina ya ule wa ukutani, upande wa spika ya ohmu 8, akapima upande wa pili akapata volti 20.6. Idadi hiyo ukiizidisha kwa yenyewe, kisha mara 8, unapata karibu ohmu 3,400, ndio mzigo ambao jozi ya EL34 huupenda. Kwa transfoma ya umeme alipata zawadi ambayo sikuitarajia. Kulikuwa na waya mmoja uliokatwa na kufunikwa kwa mpira, umekunjwa chini ya wenzake. Aliingiza volti 12 katika waya mbili zilizokuwa zikitumika, zile za umeme wa Kimarekani wa volti 120, na kati ya waya wa kwanza na ule uliofichwa akapata volti 24. Maana yake chombo hiki kiliundwa tangu mwanzo kiweze kupokea volti 240, na mimi kwa miaka minne nimekuwa nikibeba transfoma ya kupunguzia umeme yenye uzito wa gunia la unga katika kila harusi ya Ng'ambo na shamba. Sasa naichomeka ukutani moja kwa moja.

Lakini kilichonifanya nimheshimu zaidi ni kitasa cha nne, yaani kinobu cha nne cha kurekebisha sauti. Maalim, baada ya kuziona valvu za mwanzo na mpangilio wa besi na trebo, alisema mbele yangu kwamba huyu ni mtoto wa Bassman, na kwamba kitasa cha nne bila shaka kinafanya kazi kupitia waya unaorudisha sehemu ya sauti kutoka kwenye spika hadi kwenye valvu inayoigawa sauti pande mbili. Aliutafuta waya huo siku nzima. Haukuwapo. Mtu mwingine angeuchora tu, kwa sababu “lazima upo”. Yeye alirudi nyuma, akafuata kitasa chenyewe hatua kwa hatua, akakuta kwamba kimefungwa pamoja na kapasita moja kati ya njia mbili zinazokwenda kwenye EL34, kikikata ukali wa sauti pale pale, kama kinavyofanya katika amplifaya ya Kiingereza ya Vox AC30, nayo pia haina waya wa kurudisha. Kwa hiyo kichwa ni cha Bassman na kiwiliwili kimepita kwa jirani. Hapo nilielewa kwa mara ya kwanza kwa nini besi yake ni laini kuliko ya amplifaya nyingine za wati 50, na kwa nini inapasuka mapema: hakuna kinachoirudisha nyuma na kuinyoosha.

Baina ya valvu ya kwanza na vitasa vya sauti kuna bonge la epoksi nyeusi, ukubwa wa kiberiti, na ndani yake muundaji ameficha baadhi ya viungo. Nilimwuliza kama angelivunja. Alikataa. Alisema litavunjika na vilivyomo, na zaidi ya hapo aliyelimwaga alikuwa na sababu yake. Mwenye mali ana haki ya kukijua chombo chake ili kitengenezwe, lakini hana haja ya kukichinja. Alilizunguka kwa hesabu. Kathodi ya valvu ile ina rizista ya ohmu 1,500 iliyo nje ya bonge, na juu yake kuna volti 1.8, kwa hiyo umeme unaopita ni miliampea 1.2. Umeme unaoingia bongeni ni volti 300, na kwenye anodi zinafika 180. Volti 120 zimepotelea humo ndani, na kwa miliampea 1.2 kinachoweza kuzipoteza ni rizista ya ohmu 100,000. Aliichora bila kuiona.

Na aliichora kwa nukta. Huu ndio ufundi ninaoulipia. Katika mchoro wake, alichokipima kimechorwa kwa mstari mzima. Alichokipata kwa hesabu kimechorwa kwa nukta. Na viungo viwili vya ndani ya bonge ambavyo hesabu haikuvifikia amevizungushia duara na kuacha wazi. Nimeona michoro ya watu wengine ya amplifaya adimu, safi na mizuri, ambayo haikuonyeshi ni wapi mchoraji aliona na ni wapi alitamani. Fundi atakayeushika huu wa Maalim baada ya miaka 20 atajua ni kipi cha kukiamini na ni kipi cha kukipima upya.

Ugonjwa wenyewe, baada ya mchoro kukamilika, ulichukua asubuhi moja. Gridi za EL34 zote mbili zilipaswa kuwa na volti 38 chini ya sifuri. Aliiwasha, akaiacha ipate moto, huku akivigusa viungo kimoja kimoja kwa kijiti cha mshikaki, ambacho hakipitishi umeme na hakiumizi kitu. Gridi moja ilibaki palepale. Nyengine ilianza kupanda polepole mpaka 21 chini ya sifuri. Kapasita moja inayopeleka sauti kwenye valvu hiyo, na ambayo kazi yake ni kuuzuia umeme wa moja kwa moja, ilikuwa inavuja kila inapopata joto. Ni kiungo kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, na jozi mbili za valvu zilikufa kwa ajili yake. Alizibadilisha kapasita zote mbili ili pande zilingane, akapima umeme wa kila EL34 na kuuweka kwenye miliampea 35, ambazo kwa volti 460 ni kama wati 16, chini ya 25 ambazo bati lake linaruhusiwa. Tangu mwanzo wa kusi sijaona wekundu tena.

Sasa yasiyonipendeza. Aliniahidi wiki tatu, zikawa saba, na katika wiki hizo simu yake aliipokea mara mbili. Aliye na onyesho la hotelini la kila Ijumaa ahakikishe ana amplifaya ya kuazima kabla hajaipeleka yake. Mwandiko wake ni mdogo mno, na katika nakala ya kwanza aliipishanisha nafasi miguu miwili ya kitasa cha trebo. Niliigundua nilipokaa nayo usiku kucha nikilinganisha na waya. Alilikubali kosa hilo hapo hapo, akachora upya ukurasa mzima bila kudai kitu. Hatoi risiti mpaka umkumbushe. Na karakana yake ni nyembamba, kwa hiyo sanduku nilirudi nalo nyumbani nikamwachia sakiti peke yake.

Kwa mchoro nililipa shilingi 180,000, na kwa matengenezo 60,000 pamoja na kapasita. Wapo waliosema barazani kwamba nimelipa fedha nyingi kwa karatasi. Zile jozi mbili za EL34 ziligharimu zaidi ya hesabu yote hiyo, wala sikuambulia chochote.

Utamkuta baada ya sala ya alasiri, isipokuwa Ijumaa. Zitoe valvu kabla hujapanda daladala na uzifunge moja moja katika kitambaa, ukiandika ipi imetoka tundu lipi. Mwambie mapema kwamba unataka mchoro, na uandike wewe mwenyewe, kabla ya kumkabidhi, nini husikika, baada ya dakika ngapi, na vitasa vikiwa wapi. Kitu cha kwanza atakachokuomba ni hicho. Mchoro wangu nimeutia ndani ya mfuko wa plastiki na kuubandika nyuma ya ubao wa sanduku, na nakala ya pili iko kabatini, mbali na unyevu wa masika.