Soko la Lamu kando ya Ngome: njoo alfajiri, uje na kikapu

Assalam aleikum, na sabalkheri kwenu nyote. Sauti hiyo mnayoisikia nyuma yangu ni punda, anashushwa magunia ya vitunguu na hataki kutulia. Hapa ni Amu, yaani Lamu, mji wa kale, na vichochoro vyake havikujengewa gari. Mzigo unaotoka gatini hupanda mjini kwa punda au begani mwa hamali.

Nimesimama Mkunguni, uwanja wa katikati ya mji. Ukuta ule mkubwa ni Ngome, iliyoanza kujengwa mwaka 1813 ikamalizika 1821. Ikaja kuwa jela mpaka 1984, na leo ni makumbusho. Wageni wengi huingia pale, hupiga picha, wakaenda zao. Soko liko ubavuni mwake, hatua chache tu, na hata shingo hawaligeuzii. Hilo limeniuma, ndiyo sababu nimewasha kamera. Kama umekodi chumba chenye jiko hapa mjini, nataka uje kununua chakula sokoni, na nitakuonyesha namna.

Nianze na kosa langu ili lisiwe lenu. Jana nilikuja alasiri. Meza za samaki zilikuwa zishaoshwa, paka wamejilaza kwenye saruji baridi, na samaki waliobaki ni wawili, macho yamezama ndani. Muuzaji akaniapia kwamba ni wa asubuhi ile ile. Sikununua. Ndugu zangu, samaki ni wa asubuhi. Leo nimeamka na adhana ya alfajiri, nimefika hapa kabla ya saa moja, na naona soko jingine kabisa.

Tuingie ndani, chini ya paa. Tazameni mnapokanyaga, sakafu ina maji. Vaeni ndara za mpira. Huyu hapa ni changu. Huyu ni tewa. Yule mkubwa anayeng'aa ni kolekole, na vipande vile vinene ni vya nguru. Mimi nakwenda kwa tafi, kwa sababu tafi wa kuchoma akapakwa tui, wallahi, sijaona wa kumshinda.

Nasogeza kamera. Mnaona vidoa hivi vyeupe ubavuni? Na mnaiona miba hii ya mgongoni? Hii msiiguse hovyo. Ina sumu, na ikikuchoma mkono unawaka moto. Mzee anayeniuzia ameikata yote kwanza, bila kuombwa, ndipo akanipa samaki nimkague. Jicho liko wazi na limetuna. Nimefunua shavu, ndani mwekundu kama damu mbichi. Nimembonyeza kwa kidole, nyama imerudi palepale. Samaki wa jana ukimbonyeza, shimo la kidole hubaki.

Mtaniuliza bei. Sitaitaja, kwa kuwa mkija mtaikuta nyingine. Bei ya samaki hapa inafuata upepo. Sasa ni Januari, kaskazi inavuma, bahari imetulia na meza zimejaa. Ikifika Juni na Julai, kusi ikichafuka, mashua nyingi hubaki pwani na samaki huyu huyu hupanda bei. Kwa hiyo ulizeni meza mbili tatu kabla ya kutoa pesa, na mkipatana, patana kwa adabu. Salamu kwanza, tena salamu kamili, ya nyumbani na ya watoto. Nimemwona kijana hapa amefika na "hii ngapi?" bila hata hujambo, akajibiwa bei na kupewa mgongo.

Nyama iko upande ule. Ni nzuri mapema, jua likipanda mimi siinunui. Tutoke nje.

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Mama huyu ameniita, "Ndoo, mwanangu, ndoo," yaani njoo, kwa Kiamu chenyewe, Kiswahili cha hapa Lamu, na mimi wa Mombasa nikacheka kwa furaha. Mbele yake amepanga maembe. Hili refu, jembamba, lenye ncha iliyopinda kama mdomo wa ndege, ndilo ngowe. Dodo zipo, boribo zipo, lakini mwenye kuja Lamu msimu huu akaondoka bila kula ngowe amejidhulumu. Nimelikata, angalieni: nyama ya rangi ya machungwa, laini, nyuzi hamna. Juisi imenifika kiwiko.

Lakini lililonigusa zaidi ni swali. Nilipotaka sita, mama akaniuliza, "Ya kula leo, au ya kesho?" Nikamwambia matatu ya leo, matatu ya kesho kutwa. Akayachagua moja moja, akayabonyeza karibu na kikonyo kwa kidole gumba, mengine akayarudisha, na yale ya kesho kutwa akayatia chini ya kikapu kwa kuwa ni magumu, hayatapondeka. Miaka yote ninayonunua matunda kwenye maduka makubwa, sijawahi kuulizwa nitakula siku gani.

Nazi nimenunua mbili kwake. Itikise sikioni, ukisikia maji yanacheza, chukua. Kimya, iache.

Na kikapu ni lazima. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, usitegemee kupewa. Changu hiki cha miyaa kimebeba samaki, nazi, maembe, ndimu na fungu la nyanya, na bado kina nafasi.

Picha: ombeni ruhusa. Hawa wako kazini, na kina mama wengi hawapendi kupigwa picha. Mimi nimeuliza kila meza mliyoiona. Waliokataa sikuwaonyesha, na wote wameniuzia vizuri tu. Mabega na magoti yafunikwe, mji huu una heshima zake. Siku ya Ijumaa malizeni mapema, maana adhuhuri watu wanakwenda msikitini.

Je, soko hili lina upungufu? Lipo jambo. Ndani ni pembamba, na kati ya saa moja na saa mbili watu wanabanana sana. Mwenye mtoto mdogo au mzee asiyesimama sawasawa, abaki huku nje kwenye matunda, amtume mtu samaki. Na wewe unayetaka kukaa mezani uagize, mikahawa iko kule mbele ya bahari, nenda kwa raha zako.

Mimi nimekula mahamri mawili kwa mbaazi za nazi hapo kichochoroni, shibe yangu imetimia. Tafi huyu nampeleka jikoni sasa hivi, jua halijashika. Nitamchanja, nimpake ndimu, chumvi na pilipili, akae wakati nakuna nazi. Tui zito la kwanza nitalichanganya na ukwaju. Mkaa nishauwasha kwa jirani. Kaeni hapo hapo, nageuza kamera tuanze.